Krimu Ambayo Sikuituma

Chumba cha juu ya duka la vipodozi,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha ukorofi wake. Bibi hajambo? Bado anagombana na redio? Mimi mwili haujambo. Uso ndio nitakaokueleza habari zake.

Barua yako ilifika Ijumaa, pamoja na orodha ya bibi harusi wetu, Kifungo. Ameagiza vitu viwili: rangi za kuficha madoa ya chunusi, na ile krimu "inayomng'arisha dada", yaani mimi. Rangi zimo kwenye kifurushi hiki. Krimu sikuiweka, na nitakwambia kwa nini.

Nianze na rangi, maana namjua mwanao, atazipaka zote kwa mpigo atoke kama bendera. Ya chungwa ndiyo yake: ni ya madoa meusi na weusi wa chini ya macho kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Yule shoga yake mweupe atumie ya pichi, ya chungwa itamkalia kama kutu. Kijani ni ya wekundu, kwa mfano chunusi mbichi. Njano hufunika uzambarau, kama wa mchubuko. Ya zambarau sikuituma. Hiyo ni ya ngozi iliyopauka ikawa manjano, na kwetu humfanya mtu aonekane katoka wodini.

Ajipake mafuta kwanza, asubiri yaingie. Kisha achukue rangi kiasi cha punje ya mchele, aiweke palepale penye doa, aigongegonge kwa kidole. Asisugue! Juu yake apake konsila, ile rangi nzito ya kufunikia, inayolingana na ngozi yake, na aipimie kwenye taya karibu na dirisha, si mgongoni mwa mkono. Mwisho poda kidogo. Na ajue kwamba rangi huficha rangi tu, kipele kitabaki kipele.

Mimi nilipoanza nilipaka kijani juu ya madoa meusi. Nikakaa kaunta kutwa nzima na mashavu ya majivu, wateja wananiuliza nimefiwa na nani. Cheka tu, Shangazi. Mimi sikucheka.

Najua sasa unajiuliza, madoa yapi tena? Ni ile krimu. Nilipoajiriwa, Madamu mwenye duka alinipa kopo nijipake mwenyewe ili wateja waone. Wiki za mwanzo niling'aa kweli, na ndipo akanipiga ile picha mliyoitundika sebuleni. Huku imebandikwa mlangoni, imejaa mlango mzima. Baadaye mashavu yakaanza kuwaka moto. Nilipoiacha, yakatoka madoa meusi kama tako la sufuria. Madamu hakushtuka hata kidogo. Alinipa kikopo cha rangi ya chungwa, akasema, "Jifiche vizuri, wewe ndiye uko mlangoni."

Mwaka mzima sasa. Najipaka kabla sijafungua dirisha. Jasho silifuti, naligusagusa kwa karatasi. Simkumbatii mtu, maana nguo yake itanitangaza. Chumba ni cha Madamu, na ngazi zake zinashukia dukani, kwa hiyo hata nikitaka mkate tu lazima niwe nimejipaka. Nimebanwa, Shangazi. Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Na watu wanainunua kwa ajili yangu. Alhamisi mama mmoja aliingia na binti yake aliyevaa sare za shule. Akanishika kidevu, akamwambia binti, "Hebu mwone mwenzio alivyo na ngozi nzuri." Nilitaka kusema. Madamu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaweka kopo kwenye mfuko, nikawaambia karibuni tena.

Kwa yule binti nilinyamaza. Kwa Kifungo siwezi. Ndani ya bahasha mna picha nyingine. Nilikwenda jana jioni, duka limefungwa, bila kujipaka, kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, nimejifunga mtandio mpaka puani, nikaufungua alipokwisha kufunga mlango. Alisogeza taa, akapiga. Mwonyeshe mwanao, umwambie hiyo ndiyo krimu aliyoiagiza.

Nisalimie Bibi, na yule kaka yetu fundi baiskeli, na Kifungo mwenyewe. Mungu awatunze wote na aijaze ndoa hiyo heri.

Umeniomba nije nimpambe bibi harusi. Nitakuja, na nikija sirudi tena huku. Nitampamba yeye, lakini mimi sitajipaka kitu, mbele ya wageni wako wote. Kama unaona nitakuaibisha, niambie nisije, nitaelewa. Usiniambie tu nije nimejipaka.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kijiti