Diski ya Baba Imekatika Katikati ya Neno

Olasiti, Arusha
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiweka shikamoo hii juu kabisa ya karatasi kwa sababu ukifika katikati ya barua huenda usitake tena kuniitikia. Hujambo wewe? Lile goti la kushoto bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Na mdogo wangu Wolfgang ameacha kukohoa, au anajikaza tu ili asipelekwe hospitali? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu si ya mchezo. Mlima Meru hatujauona wiki nzima, umejifunika ukungu kama mgonjwa asiyetaka wageni. Najua mtacheka, nyie wa Umatengo baridi mmezaliwa nayo, lakini mimi nimekaa huku miaka mingi, nimekuwa mlegevu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka spika, uwanja mzima unasikia, na nyumba ya baba mdogo iko hatua chache kutoka kwenye uwanja huo. Barua hii na kifurushi chake atavileta Sista Kandida mkononi. Isome peke yako, ndani, na miwani yako. Wolfgang asikusomee.

Mama, diski ya baba imeharibika. Nimeiharibu mimi.

Naandika hivyo mapema ili usiendelee kusoma ukiwa na matumaini ambayo sina. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Sista alinifikishia bahasha yako salama. Diski ulikuwa umeiviringisha kwenye kipande cha kanga yako ya zamani, bado inanukia moshi wa jikoni, nikakaa nayo kidogo kabla ya kuifungua. Nikasoma na ujumbe wako. Kwamba baba mdogo amewaambia wazee wa ukoo shamba la mtoni ni la ukoo, si lako, na kwamba siku ile baba anatoa maneno yake ya mwisho yeye hakuwepo, alikuwa Songea. Kwamba kikao ni mwisho wa mwezi. Kwamba diski imeanza kuganda kwenye deki, nikutengenezee nakala tatu: moja ya mwenyekiti wa ukoo, moja ya baraza la kata, moja ibaki kwako. Nilisema moyoni, hili ni dogo. Kama kuna kitu kimoja binti yako anakijua hapa duniani ni kunakili diski.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, hujawahi kuiona. Studio ni ya Mzee Jaswant, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Arusha, aliyerithi chumba hicho na kamera kutoka kwa baba yake. Tunapiga picha za video kwenye harusi, kipaimara na misiba, kuanzia mjini hadi huko juu Momela. Vijana siku hizi wanataka kila kitu kiingie kwenye simu. Lakini wazee wa Kimeru bado wanataka diski, maana deki zao zipo sebuleni, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na msiba ukiisha kila nyumba ya ukoo inataka yake. Mimi ndiye ninayezichoma, yaani kuzinakili kwa kompyuta, naandika jina la marehemu kwa kalamu ya wino mzito, natia kwenye kava. Nimeshazika watu wengi sana kwa njia hiyo.

Mzee alinifundisha ile programu ya kunakili kwa vidole, si kwa maneno. "Bonyeza cha chini kulia. Subiri. Cha chini kulia tena. Subiri. Weka diski tupu." Maandishi yote ni Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua kilivyoishia kidato cha nne. Sikuwahi kukihitaji. Miaka yote hii mkono wangu umekuwa ukijua njia peke yake, hata huku naongea na mteja.

Mwezi uliopita tulifungua asubuhi tukakuta programu imejibadilisha. Rangi nyingine, vitufe vingine, na pembeni picha ya wingu. Ilidai barua pepe ndipo ifunguke. Mzee hana kitu hicho, akaweka ya binti yake Simran aliyeolewa Uingereza. Ikafunguka, tukaona yameisha. Zile siku za mwanzo Mzee mwenyewe ndiye alikuwa anakaa pale akiichunguza, mimi nilikuwa Momela kwenye misiba miwili iliyofuatana. Siku niliyorudi kwenye kiti changu, diski ya kwanza niliyoingiza ilikuwa ya baba.

Programu ilitaka intaneti. Nikaiwashia ya simu yangu. Nikabonyeza cha chini kulia. Yakatokea maandishi mekundu. Nikabonyeza cha chini kulia. Yakatokea mengine, nikabonyeza tena, huku namjibu mama mmoja aliyekuja kuulizia harusi ya mwanawe.

Kumbe pale palipokuwa na kitufe cha kunakili, sasa wameweka cha kuhamishia mtandaoni. Maandishi mekundu yalikuwa yananiuliza kama nina hakika diski ifutwe baada ya kusomwa, ili itumike upya. Mara mbili iliniuliza, mama, na mara mbili nilikubali. Na diski ya baba ni ya aina inayofutika. Hilo nalo ni kosa langu. Siku ile nilipokuja na kamera ya kazini kumrekodi, diski iliyobaki kwenye begi ilikuwa hiyo moja, nikajiambia nikirudi Arusha nitaihamishia kwenye diski ya kudumu, nikakuachia hiyo hiyo nikaondoka. Mganga hajigangi. Misiba ya watu nimeichomea nakala kumi kumi, maneno ya baba yangu nikayaacha kwenye diski ya kufutika.

Katikati ya kupeleka, bando langu likaisha. Kompyuta ikaganda. Nami nikafanya ile dawa yetu ya kila kitu: nikazima, nikawasha. Ilipowaka, diski ilikuwa tupu. Nikaitoa, nikaipangusa kwa kile kipande cha kanga, nikaiingiza tena. Tupu. Sikulia hapo hapo. Nilimaliza kumhudumia yule mama, nikampa risiti, ndipo nikaenda chooni.

Kwenye programu kuna kidirisha cha kuomba msaada. Unaandika, anajibu mtu anayejiita Daniel. Nilimwomba Mwalimu Elirehema anisaidie Kiingereza. Huyu ni dada wa Kimeru anayefundisha Makumira, mwaka juzi tulirekodi mazishi ya mama yake, tangu hapo akipita mjini hunisalimia. Alikuja baada ya vipindi, akaketi kwenye kiti changu na koti lake bila hata kulivua.

"Anasema anaelewa unavyojisikia," akanitafsiria.

"Mwambie sitaki anielewe, nataka diski."

Akaandika. Akasubiri. "Anasema anaelewa unavyojisikia, na anakupa ukurasa wa kusoma."

"Huyu ni mtu kweli, dada?"

"Sidhani, mdogo wangu."

Kila mwisho wa maongezi kinatokea kiswali: je, tatizo lako limetatuliwa? Ndiyo, hapana. Hapana nimebonyeza mpaka nimeijua mahali ilipo bila kuangalia, na nilipogundua hivyo niliogopa, nikaanza kusoma kila neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku tatu tulikwenda hivyo. Mwalimu anatoka Makumira, anapanda gari kuja mjini kwa ajili ya baba ambaye hakumjua. Mungu amlipe.

Siku ya nne akaingia mwingine, naye nadhani alikuwa mtu, maana alikuwa anakosea herufi na kujisahihisha. Alitaka kujua hatua kwa hatua. Mwalimu akasoma, akanigeukia polepole.

"Gau, anauliza, kompyuta ilipoganda mliizima?"

"Niliizima. Nikaiwasha."

Akaandika, akasoma jibu. "Pole mdogo wangu. Anasema mngeiacha vile vile, yote yaliyosomwa kwenye diski yalikuwa bado yamo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ilipozimwa ndipo yakafutika."

Mzee Jaswant alikuwa amesimama nyuma yetu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha kubonyeza bila kusoma." Ningemwambia si kosa lake, lakini siku ile nilitaka liwe la mtu mwingine, hata kwa saa moja tu. Kesho yake nilimwomba radhi. Anasema harusi za Desemba zikiisha atafunga studio, ameichoka. Hiyo ni habari nyingine, sitaki kukuongezea.

Kilichobaki, mama, ni kile kilichokuwa kimeshafika mtandaoni kabla bando halijaisha. Kukipata nako kulikuwa na kazi yake. Kila tukitaka kufungua, namba ya siri inakwenda kwa Simran Uingereza, na inakufa baada ya dakika kumi. Yeye anafanya kazi wodini, simu haruhusiwi kuigusa. Namba tatu zilikufa. Ya nne aliomba ruhusa, akatoka nje, akamsomea baba yake kwa simu, Mzee akawa anairudia kwa sauti mimi nachapa.

Tumepata dakika kumi na moja. Nusu saa na zaidi ilivyokuwa, tumepata dakika kumi na moja.

Nimeziangalia mara nyingi. Zinaanza wewe unamfunika baba blanketi la kijani, yeye anakusukuma mkono, anasema si mtoto. Marehemu katekista anasali, sala ndefu kama kawaida yake, hapo ndipo dakika zetu zimekwisha bure, Mungu anisamehe. Marehemu babu mkubwa yuko kwenye mkeka, amesinzia. Baba anaomba maji. Unampa. Anakunywa, anafuta mdomo kwa kiganja, anawatazama wote, anasema kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kidogo: "Sasa nisikilizeni. Shamba la mtoni, lile la kahawa, nimempa..."

Hapo inakatika. Mdomo wake uko wazi, picha imesimama.

Mimi najua neno linalofuata. Nilikuwa nyuma ya kamera, nililisikia. Alikutaja wewe, kwa jina lako la ubatizo, ambalo hakuwahi kukuita mbele za watu. Lakini mimi ni binti yako, watasema najitetea. Na ile sauti yake ikilitaja jina lako haipo tena popote, na aliyeifuta ni mimi. Nimekosa mbele yako na mbele yake. Ukinikasirikia nitapokea. Ukikaa kimya ndipo sijui nitafanyaje, kwa hiyo nakuomba usikae kimya.

Nisalimie shangazi Batseba, mwambie ule mkeka aliosema atanisukia bado nausubiri na sijausahau. Nisalimie mama mkubwa wa Litembo, na mama yangu wa ubatizo, aniombee. Wolfgang mwambie dada yake anasema aende akapimwe hicho kifua, asingoje mimi nije kumkokota. Mke wake na mtoto unibusie. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika siku mbili kabla ya kikao, na makosa yangu nitayasema mwenyewe mbele ya wazee.

Ndani ya kifurushi kuna diski tatu, za kudumu, Mzee Jaswant amezitoa kwenye akiba yake. Zipeleke kama ulivyopanga, usiogope kwamba ni fupi. Kuna jambo kwenye hizo dakika ambalo sikuliona mpaka nilipoangalia mara ya tano au ya sita, kwa sababu nilikuwa namtazama baba tu. Kwenye kile kigoda karibu na dirisha amekaa baba mdogo. Kofia ameiweka gotini. Baba anapomaliza kunywa maji, kabla hajaanza, baba mdogo anainama mbele na sauti yake inasikika vizuri kuliko za wote: "Sema kaka, tuko hapa tunakusikia."

Katekista tumemzika, babu mkubwa tumemzika. Waliobaki wa chumba kile ni wewe, mimi, na huyo aliyekuwa Songea. Anaweza kudanganya tena, najua, kinywa ni chake. Lakini siku ya kikao omba deki iwekwe katikati, wazee wote waone. Usiseme neno lolote mpaka ifike pale picha inaposimama. Usiizime. Iache hivyo hivyo, baba na mdomo wake wazi, halafu mgeukie baba mdogo umwambie kwa heshima zote: shemeji, ulikuwepo, tumalizie wewe.

Binti yako aliyekukosea,
Gaudensia