Vidole Juu ya Shuka

Jumatatu, 4 Juni 1951
Kashai. Dawa za picha tayari, kamera safi. Shuka nyeupe ninayotundika nyuma ya watu imefuliwa na kunyooshwa. Kesho napanda milima ya Muleba. Mgongo unalalamika kabla ya safari.

Jumatano, 6 Juni
Familia nne. Watu wa huku wanajipaka mafuta mpaka wanang'aa, kisha wananuna kama wako barazani kushtakiwa.

Ya mwisho ya Petro. Kaokoka majuzi. Picha ni ya kumpelekea mchungaji, aonekane mume wa mke mmoja. Mke mdogo, Koku, anarudishwa kwao. Watoto wake wawili wanabaki. Ni wa ukoo wa baba. Koku naye alikuwa amevaa kanga mpya.

Upepo ukawa unapeperusha shuka. Nikamwambia Koku apande kigoda nyuma ya shuka, ashike pindo la juu. Ni mimi niliyesema, si Petro. Akapanda. Watoto wake mbele, yeye nyuma.

Jumamosi, 9 Juni
Picha imetoka vizuri. Ila juu ya pindo, vidole. Vinaharibu. Nimekata sehemu ile kwa mkasi. Sasa safi kabisa.

Alhamisi, 14 Juni
Nimepeleka. Petro kafurahi mno. Koku alikuwa anafunga mzigo. Akaomba aione. Akawagusa watoto, kisha akatazama juu. Akatazama tena.

"Waitu, bwana wangu, vidole vyangu viko wapi?"

Nikasema vilikuwa vinaharibu picha.

Hakunitukana. Akaniletea kahawa ya kutafuna, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikatafuna. Afadhali angenitemea mate.

Jumapili, 17 Juni
Kanisani sikwenda. Uso wa kwenda nao sina. Filamu haikukatwa, Mungu anisamehe. Nimesafisha picha nyingine, nzima, na vidole vyake vyote.

Jumanne, 19 Juni
Muleba tena. Nimechelewa. Koku ameshaondoka, yuko kwa kaka zake, kisiwani Goziba. Mtoto mdogo alikuwa analia, hanyamazi. Petro kaniuliza nimefuata nini. Nimesema napita tu. Mwongo pia.

Ijumaa, 22 Juni
Ziwa limetulia. Nimempata mvuvi wa Goziba, anawajua kaka zake Koku. Nimempa picha ndani ya bahasha. Akaitoa, akaniuliza Koku mwenyewe ni yupi kati ya hawa.

Nimemwonyesha vidole.