Kadi ya Hoteli na Usingizi wa Mama

Jumamosi, Kilburn, London. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya kukulowesha taratibu mpaka ufike kituoni umeshachelewa kufungua mwavuli. Lakini leo nimechangamka, na sababu ninayo.

Juu ya meza ya jikoni pana kikombe cha chai ya tangawizi, sahani ya vitumbua vilivyoungua upande mmoja, na kompyuta iliyofunguliwa kwenye fomu niliyoijaza nusu tangu Jumatano. Ni fomu ya kuomba kadi ya mkopo ya hoteli. Siyo kadi hivi hivi, ni ile ya daraja la juu. Ukinunua vitu unapata pointi, pointi zikijaa unalala kwenye hoteli zao bila kulipa, na kila mwaka ukitumia kiasi wanachotaka wao wanakupa usiku mmoja wa bure. Ada yake kwa mwaka inapita pauni mia mbili. Ofa ya kukukaribisha inaisha kesho.

Nikiri mapema: nilikuwa naitaka sana.

Wa kulaumiwa ni Nimisha. Tunakaa meza moja hospitalini, idara ya miadi ya wagonjwa. Yeye ni wa Tooting, kusini mwa London, wazazi wake walizaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kakirithi kwa bibi yake, cha kizamani kidogo lakini kitamu. Mwezi uliopita tulitoka kunywa kahawa, akatoa kadi alipe, ikalia mezani kama sarafu. Ya chuma. Nikaomba niishike, nikaona nzito kweli. Akanionyesha picha za wikiendi yake, chumba walichompandishia daraja, taulo zimekunjwa vizuri, bafu lina dirisha. "Chukua, dada," akaniambia. "Wewe unafanya kazi kama punda, halafu unalala wapi?" Nikarudi nalo ofisini hilo swali, nikarudi nalo na nyumbani.

Nimejichunguza. Sitaki bafu lenye dirisha. Ninachotaka ni mtu wa mapokezi aniite kwa jina langu, aniambie karibu tena. Miaka kumi na moja hapa London, kutwa nzima mimi ndiye ninayewauliza watu tarehe ya kuzaliwa na anwani. Nilitaka siku moja niulizwe mimi kama nimesafiri salama. Ni majivuno, najua, na si shajara yangu hii? Acha yaandikwe.

Halafu kulikuwa na sababu ya pili, ambayo niliiona ndiyo njema. Mama anakuja mwezi wa saba, kutoka Singida, kwa mara ya kwanza. Tulishamwalika mara mbili akakataa, mara goti, mara kuku wake nani atawaangalia. Safari hii amekubali, na viza imetoka. Nikapanga kwamba nitachukua kadi, nipate ule usiku wa bure, nimpeleke hoteli moja karibu na Mto Thames tulale wote watatu, mimi, yeye na binti yangu Nuru. Akirudi awe na cha kuwasimulia wenzake wa jumuiya ya kanisani.

Jumatano jioni nikamwonyesha mume wangu. Baba Nuru ni dereva wa basi na maneno yake ni ya kuhesabu. Aliisoma fomu mpaka mwisho, pamoja na yale maandishi madogo ambayo mimi niliyaruka, kisha akauliza kitu kimoja. "Mama Nuru, kwani sisi huwa tunalala hoteli lini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Hatulali. Harusi ya Coventry tulilala kwa Shangazi Koleta, wanawake tisa sebuleni, magodoro kutoka ukuta huu hadi ule. Msiba wa Manchester tulilazwa na watu wa kanisa ambao mpaka leo siwajui vizuri. Kipaimara cha Leicester, kwa mama mdogo. Kama mtu wenu anaishi mji huo, mnalala kwake, awe na nafasi asiwe nayo. Hotelini tumelala mara moja tu, ndege ilipoahirishwa na shirika likatutafutia pa kulala. Asubuhi yake nilitandika kitanda, nikaosha vikombe, Baba Nuru akafuta sinki. Dada wa usafi alipoingia alituuliza kama kweli tulilala mle.

Na hizo pointi zingetoka wapi? Kodi ya nyumba inakatwa benki moja kwa moja. Hela ya Mama inakwenda kwa simu. Michango ya harusi, ya sendofu, ya misiba, yote inatumwa kwa mweka hazina wa kundi letu la Watanzania, na sijaona bado mweka hazina anayepokea kadi. Kinachobaki ni chakula na nauli. Kwa mwendo huo, ule usiku wa bure ningeupata Nuru yuko chuo kikuu. Nikaona labda ninunue sofa, nifikishe kile kiasi chao. Nilianza kabisa kutafuta sofa mtandaoni, nikiwa nimekalia sofa.

Hata hivyo sikuifunga fomu. Na nilikuwa na hofu moja kubwa kuliko ada yao. Mama angelichukuliaje?

Kwetu mgeni wa damu halazwi hotelini. Ile harusi ya Coventry, binamu yangu Fausta alichukua chumba hotelini kwa sababu alikuwa na kichanga. Shangazi Koleta alimuuliza mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi, "Kwani kwangu kuna kunguni?" Mwaka mzima hawakusemeshana. Sasa mimi nimpokee mama yangu mzazi uwanja wa ndege, nina nyumba, nimpeleke hoteli? Angerudi Singida na moyo mzito, na mwaliko wa nne nisingethubutu kuutoa. Nikaamua nisimwambie chochote mpaka tufike mlangoni pa hoteli.

Sikumhesabu Nuru.

Leo saa nne asubuhi, kwao saa sita mchana, tulimpigia Mama simu ya video. Nuru ana miaka tisa, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Bibi yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakielewa Kiingereza na anajibu kwa Kiswahili, na wanasikilizana kuliko mimi na bosi wangu. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, goti linaendeleaje, kisha Nuru akamwaga kila kitu. Kwamba mama atakupeleka hoteli, kuna kitanda kikubwa sana, na yeye atalala katikati.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa naona paji lake la uso tu, maana simu huwa anaishika kwa juu. Nikaanza kujitetea, kwamba chumba chake kipo, Nuru keshakubali kulala kwenye godoro, hoteli ni ya kutembea tu, usiku mmoja.

"Ester," akanikatiza. "Huko hotelini, asubuhi anafagia nani?"

Nikamwambia wapo wafanyakazi.

"Na mgeni anaamka saa ngapi?"

"Anapotaka mwenyewe, Mama."

Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema, kwa sauti ile ile ya kuita majina darasani. Ana miaka sitini na tisa. Semina zote za ualimu alilala kwa ndugu. Likizo, kwa wakwe. Matibabu ya goti Dodoma, kwa mdogo wake, na akienda Dar, kwa kaka yangu. Popote alipolala aliamka saa kumi na moja, kabla ya mwenye nyumba, akatafuta ufagio ulipo, kwa sababu mgeni anayelala mpaka jua linamkuta husemwa. Hakuna aliyemnyima chakula wala kumwonyesha uso mbaya. Ni watu wazuri wote. "Ila mwanangu, sijawahi kulala ugenini nikashiba usingizi. Nataka mara moja tu niamke saa nne, na nisimwombe mtu radhi."

Nikamwambia basi, imekwisha hiyo, tutakwenda sote watatu.

"Hapana," akasema Mama. "Peke yangu."

Baba Nuru, aliyekuwa anageuza vitumbua mgongo umetuelekea, aliacha mwiko akakimbilia korido akachekee huko, mkwewe asimsikie. Hapo ndipo vitumbua vilipoungua.

Niandike na hili. Kwanza iliniuma. Nilikwishauona ule usiku kichwani, sisi watatu na mataa ya mtoni, na mimi ndani yake nikiwa mtoto mwema. Halafu, nikikwangua kikaango, ikaniuma kwa namna nyingine. Mama anafika wiki ile ile Nuru anayofunga shule, anakaa wiki sita, likizo nzima. Nilipokata tiketi nilimwambia kila mtu kwamba ni bahati tarehe zimeangukiana. Haikuwa bahati. Nilishaangalia gharama za kambi za watoto za likizo, nikaona Bibi yupo. Nilikuwa namleta mama yangu Ulaya aje ashike ufagio wangu.

Na yeye alijua. Amekubali akijua.

Nimeomba likizo ya wiki mbili za mwanzo. Baba Nuru atabadilishana zamu na mwenzake wiki ya tatu, na zilizobaki Nuru atakwenda kambi siku kadhaa, tutajibana. Nimemtangazia mume wangu kwamba mwezi wa saba nitakuwa naamka mimi wa kwanza humu ndani. Akanijibu kwamba ili nimtangulie mama yangu kuamka itanibidi nisilale kabisa. Tumekubaliana tuufiche ufagio kwenye buti la gari, na mashine ya kufyonza vumbi tuipeleke kwa jirani.

Kisha nikarudi kwenye fomu ya kadi. Inamfaa Nimisha, anayelala hotelini kila baada ya miezi miwili na anayelipia kila kitu kwa kadi. Mimi ningekuwa nanunua sofa ili Mama apate kulala. Nikafuta jina langu, nikaifunga. Ofa iishe salama. Jumatatu nitamwambia Nimisha, atanicheka, nami nitaiomba tena ile kadi yake niishike kidogo.

Nikafungua ukurasa wa hoteli yenyewe. Chumba ghorofa ya nne, kitanda kikubwa, kifungua kinywa mpaka saa tano, kutoka ni saa sita mchana. Kwa usiku mmoja, bei kamili, ilikuwa chini ya ada ya kadi. Nikalipa kwa kadi yangu ya plastiki ya kununulia maziwa. Idadi ya wageni walikuwa wamejiwekea wenyewe wawili, nikabadilisha, nikaweka mmoja. Kwenye jina vidole vikaandika Mama Ester, kwa mazoea. Nikafuta, nikaandika Leokadia Petro Ntandu. Nikalitazama. Ni jina ambalo sijaliandika tangu fomu za shule.

Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha maombi maalumu. Nadhani watu huomba mto wa ziada, au chumba kilicho mbali na lifti. Nilikaa nacho mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaandika: Mgeni ni mama yangu. Tafadhali, asubuhi asigongewe mlango.