Ushanga wa Buluu Begani kwa Defne

Bi Perihan mpendwa,

Naomba msaada wako, dada yangu, maana nyumba imekuwa kimya hadi namsalimia paka wa jirani. Mimi ni mjane hapa mjini Manisa, mwanangu ni Sinan, mkewe ni Gülay, na mjukuu wangu pekee, Defne, wa miezi tisa, alikuwa akiachwa kwangu kila mama yake akienda kazini, nami kama bibi yeyote nilimbandika begani ushanga wa buluu kwa pini ya nepi, kumkinga na jicho la watu, maana yule mtoto ana mashavu ya kuombewa dua, na Gülay kila siku akinung'unika, "Mama, ataumeza huo," nami namjibu, "Mwanangu, mumeo alivaa pini hii hii na leo ana ndevu."

Basi siku moja jirani yangu Müzeyyen alikuja kunywa chai, akamsifu mtoto wee, mara nikatazama begani nikaona pini iko wazi na ushanga haupo, nikashangilia, kwa sababu sote tunajua ushanga ukipasuka umelipokea jicho badala ya mtoto, na Müzeyyen naye akasema, "Ona! Jicho langu hilo, shoga yangu, Mungu anisamehe!" tukacheka, hata vipande hatukuvitafuta, na Defne ametulia zake kwenye zulia, ametulia mno, mpaka Gülay alipoingia bila hata kuvua viatu, akamnyakua, akamlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni, ushanga ukamtoka mdomoni ukaanguka, mzima, hauna hata ufa.

Tangu siku hiyo simwoni mjukuu wangu. Sinan akipiga simu ananiambia, "Mama, mpe muda," halafu anakata. Nimemfumia mtoto sweta yenye kofia, kamba za kufungia shingoni na vifungo vya lulu, imekaa tu kitini nami naitazama nikila peke yangu. Nimwambie nini mkwe wangu aelewe kwamba ushanga ule ndio uliomwokoa mtoto?

Hacer, Manisa

Hacer dada yangu,

Upweke wako umeniuma kweli. Lakini pole yangu inaishia hapo. Ushanga haukumwokoa mtoto; ulikuwa kooni mwake, na aliyemwokoa ni mama yake. Mtoto anayekabwa hapigi kelele, ndiyo maana mlicheka. Tunapenda kuwaambia vijana asiyesikia la mkuu huvunjika guu; safari hii mkuu ndiye aliyeambiwa, akaziba masikio. Na ndevu za Sinan si ushahidi, ni bahati.

Sasa chukua mkasi. Kata kamba zote za hiyo sweta, maana kamba ya shingoni ikinasa kitandani inanyonga. Ng'oa vifungo, mtoto wa umri huo huonja kila kitu. Pini itupe. Ushanga, kama huwezi kuachana nao, utundike juu ya mlango wako, ukukinge wewe na Müzeyyen.

Kisha nenda kwa Gülay mwenyewe, usimtume Sinan. Mwambie, "Ulisema kweli, nami sikukusikiliza," na usiongeze "lakini". Asipokupa mtoto, usidai, usilie. Kaa, kunywa chai yake, umuulize hali yake. Yeye ndiye aliyemkuta mwanawe hapumui, na katika barua yako nzima sioni popote ulipomuuliza kama usiku anapata usingizi.