Begi la Siku Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Debra amepiga simu tena. Saa mbili asubuhi, hata cherehani sijafunua. Alipumua tu, na nyuma yake Oduor analia. Nikamuuliza kama amelala. Akasema, "Mum, kulala nimesahau inakaa aje." Halafu akacheka, na kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Oduor, mjukuu wangu, ana wiki tano. Baba yake, Okinyi, huingia ziwani jioni kuvua omena na kurudi asubuhi. Mama yake Okinyi alishafariki. Kwa hiyo kila giza likiingia ni Debra, mtoto na kuta nne. Wao wako huko karibu na Usenge, mimi niko hapa Nyalenda nashona sare za shule.

Nimekwenda mara mbili tangu ajifungue. Mara zote nimefika saa tano na kuondoka saa tisa, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kwa sababu mimi ni mama mkwe! Mama mkwe halali kwa mkwe wake. Kwa Waluo ni hivyo, kwetu Bungoma ni hivyo hivyo. Debra anasema hayo ni ya kitambo, nije tu nilale. Mchungaji naye anasema vivyo hivyo. Mimi Yesu namwamini kabisa, lakini kwa mkwe silali. Mtoto akipata homa baadaye, nitamwambia nani kwamba sikujua?

Gesti iko mjini, mbali nao. Kumleta Debra huku haiwezekani — Mzee Opondo, baba yake Okinyi, amesema mtoto bado ni mdogo mno kusafirishwa.

Nimeshona kola tatu nje ndani. Nimezifumua zote.

Jumanne, 5 Agosti

Wechuli ana akili kuliko nilivyodhani. Huyu ni askari wa jengo ambalo cherehani yangu inakaa barazani pake. Mtu wa kwetu Bungoma. Zamani alikuwa akibebea watalii mizigo Mlima Elgon, na hajachoka kutusimulia.

Leo aliniona nimeshika tama, akauliza, nikamwambia yote. Akasema, "Sasa Mama Debra, ulikatazwa kulala kwa nyumba. Nani alikukataza kulala nje?"

Nikamwambia mimi si ng'ombe. Akasema ana hema la mtu mmoja, kilo mbili tu, limelala chini ya kitanda chake tangu aache kazi ya mlimani. Ataniazima. Lakini lirudi! Alisema mara tatu: lirudi.

Nimefikiria mchana kutwa huku nikitia vifungo. Hema si nyumba. Na nikilisimamisha nje ya ua, basi siko hata kwenye boma lao. Niko tu... mahali. Nikampigia Debra. Yeye akamwambia Okinyi, Okinyi akamuuliza baba yake. Jibu limekuja jioni: mzee amesema nije Ijumaa ya wiki ijayo, niondoke Jumapili, na kuhusu hilo hema — tutaona.

Tutaona! Neno gani hilo la kumpa mtu?

Alhamisi, 7 Agosti

Sokoni Kibuye, kwa Mathews wa mabegi. Mitumba safi. Alikuwa na mawili ya kubeba mgongoni: la lita arobaini na la lita sitini na tano. Bei karibu moja. Nimekagua mishono ya yote mawili, imepigwa mara mbili, zipu nzito, hakuna mahali palipofumuka.

Nimechukua kubwa. Miaka ishirini nanunua vitambaa — kwa bei ileile, nani anachukua kipande kidogo?

Jumamosi, 9 Agosti

Ee Mungu wangu, mabega!

Wechuli aliniambia nipange kila kitu, nibebe, nitembee mpaka Dunga, kule ufukweni, na kurudi. Kujipima, anasema. Nikapanga. Blanketi zito. Hema. Sufuria mbili. Chupa ya chai. Unga wa ugali pakiti nne, unga wa uji, sukari, majani, mafuta ya kupikia, sabuni ya miche — huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Stuli ndogo. Viatu vya pili. Nguo za siku tano, sijui kwa nini tano. Kila nilipoangalia ndani niliona bado pana nafasi, nikaongeza. Lile begi linaomba!

Nimefika Dunga nimeinama. Kina mama wa samaki walikuwa wanapokea tilapia. Mmoja akaniita, "Mama, landlord amekufukuza?" Mwingine akamjibu kwamba si kufukuzwa, huyu anahama kwa hiari, angalia mpaka stuli amebeba. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka nao, nikakaa kwenye ukingo wa mtumbwi kupumua.

Hapo ndipo kicheko kikanikauka. Hawa hawanijui na wameona mtu anayehama. Je, Mzee Opondo ataona nini akiniona langoni kwake nikiwa na nyumba nzima mgongoni? Mama mkwe amekuja kuhamia! Ile "tutaona" yake itageuka "hapana" kabla sijatua mzigo. Nitapewa chai, nitasindikizwa barabarani kwa heshima zote, na Debra atabaki vilevile.

Nimerudi nyumbani kwa boda. Aibu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nilimkuta Wechuli barazani. Nikamwonyesha begi. Alilizunguka kama mtu anayenunua fahali. Halafu akakaa chini akacheka hadi kofia ikaanguka. Nilikasirika kidogo. Kweli nilikasirika sana.

"Mama Debra, hii ni ya wiki moja mlimani. Wewe unaenda siku mbili, tena mahali kuna jikoni!"

Kisha akawa mtu wa kazi. Akaniambia nilianzia nyuma: mtu hupanga vitu kwanza, kitandani, akaviona, akaondoa nusu, ndipo akatafuta begi la kuvitosha. Ukianza na begi, utalijaza tu. Na begi halinunuliwi kwa lita peke yake. Linanunuliwa kwa mgongo. Akaniomba futi yangu ya kushonea. Kutoka mfupa wa shingo hadi juu ya nyonga — inchi kumi na sita na nusu. Tukapima begi: ishirini. Ndiyo maana mkanda wa kiuno ulikuwa unanikaa mapajani na mzigo wote kuning'inia mabegani! Mimi, fundi, nimepima migongo ya watoto wa shule wote wa Nyalenda, na wangu sikuupima.

Nikamuuliza, na zawadi za wakwe? Unga, sukari, sabuni, hizo nikiondoa nitaingia vipi?

Akaniangalia kama mjinga. "Mama, zawadi inafichwa kwa begi? Hiyo ni ya kubeba na mkono, mzee aone. Kwa begi weka ya kulala tu."

Ni kweli. Ni kweli kabisa! Mama yangu hakuwahi kwenda kwa watu bila kikapu mkononi, kimefunikwa nusu ili kinachochungulia kichungulie. Hilo nalijua tangu utoto. Nimeona begi la kizungu nikasahau adabu za nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwa Mathews, kubadilisha. Alinung'unika, nikanung'unika zaidi. Nimepata lile la lita arobaini. Inchi kumi na saba mgongoni. Nimelivaa palepale sokoni, nikafunga mkanda kiunoni, uzito ukakaa kwenye nyonga. Nyonga zangu zimebeba watoto wanne, hazilalamiki.

Alhamisi, 14 Agosti

Vitu kitandani. Nimeondoa, nimeondoa tena. Blanketi limetoka, badala yake shuka la Kimasai na leso mbili. Sufuria nje. Chupa ya chai nje — iliniuma. Stuli nje. Kitabu cha nyimbo nje, nyimbo zote nazijua. Biblia ndogo imebaki. Nguo za kubadilisha mara mbili, sweta, tochi, mswaki. Hema limesimama wima katikati kama mtoto mgongoni. Zipu imefungika bila kupigana nayo.

Kikapu pembeni: unga, sukari, majani, sabuni. Sabuni nimeiacha ichungulie.

Debra hajapiga simu leo. Nikapiga mimi. Anasema yuko sawa, kwa sauti ya mtu asiye sawa. Kesho!

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye nyasi, jua bado halijatua. Nitajaribu kwa utaratibu.

Nimefika saa nane. Mzee Opondo alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, fimbo mapajani. Okinyi akanisalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Debra akatoka na mtoto. Amekonda! Shavu limeingia. Nilitaka kumkimbilia lakini mzee alikuwa ameshaanza kuniangalia. Aliangalia kikapu. Akaangalia begi. Akazungusha macho kutafuta kama kuna mzigo mwingine nyuma yangu kwenye pikipiki.

"Mama Debra, mfuko yako ni hiyo tu?"

Nikasema ndiyo baba, ni hilo tu.

"Na hiyo nyumba ya kitambaa?"

Nikasema imo humo humo. Nikasema nitaisimamisha nje ya ua, akiruhusu, na Jumapili nitaikunja. Nilisema chini chini, mimi ambaye hubishana na walimu wakuu kuhusu bei ya kaptura.

Kuku wakapita. Nikahesabu vifungo vya shati lake: vitano, kimoja si cha rangi yake. Halafu akasema na Okinyi kwa Kijaluo, maneno mengi, na mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, sikushika. Ndipo akanigeukia.

"Hiyo ni mfuko ya mtu ako na kwake. Okinyi, leta panga."

Leta panga! Sijawahi kufurahia panga maishani mwangu. Okinyi amefyeka nyasi nje ya ua, upande wa dirisha la Debra. Nimepima kwa miguu — hatua tisa kutoka hema hadi dirishani. Nikikohoa, Debra ananisikia.

Nimeshukuru Mungu, nimemshukuru Wechuli, nimewashukuru hata wale wanawake wa Dunga kwa midomo yao.

Jumamosi, 16 Agosti

Amelala! Debra amelala!

Asubuhi Okinyi aliporudi na omena, nilimwambia Debra aje kwangu na mtoto. Akavuka ua, akaingia kwenye hema, akasema atanyoosha mgongo kidogo tu. Saa tatu hadi saa saba. Saa nne nzima! Hakugeuka hata mara moja. Nilikaa nje kwenye kivuli na Oduor. Nilimwogesha kwenye beseni, nikamkanda miguu, nikamwimbia ile ya kwetu ya kubembeleza. Ana vidole virefu, vya kushika sindano. Alilia, akanyamaza, akalia tena, akachoka mwenyewe.

Debra alipoamka alitoa kichwa kwenye mlango wa hema, nywele zimesimama, akauliza, "Mum, kuna chakula?"

Nilienda nyuma ya ua nikalia kidogo. Kisha nikaosha uso. Amekula ugali na samaki mzima, akalamba vidole.

Tumeongea mchana kutwa. Ameniambia kuna siku aliogopa mawazo yake mwenyewe. Tumekubaliana Jumatano aende kwa nesi wa kliniki, amwambie hivyo hivyo alivyoniambia mimi. Okinyi atampeleka. Ameahidi, na Okinyi kule mbali ameitikia kwa kichwa.

Jumapili, 17 Agosti

Haraka haraka. Boda anakuja saa nane.

Usiku Oduor alilia mara mbili tu, mara ya pili Debra akanipitishia juu ya lango nikambembeleza. Nililala kama gogo baadaye. Asubuhi nikakuta Okinyi ametoka ziwani, bado ana magwanda ya mvua, anachimba mfereji kuzunguka hema langu. Mfereji wa kupitisha maji. Nikamwambia Debra amwambie mumewe kwamba leo ndiyo Jumapili, asijisumbue. Debra akasema anajua ni Jumapili.

Sasa kuna tatizo la begi. Niliacha hema likauke umande, nikaanza na nguo. Nikageuka — Mzee Opondo amekuja na omena za kujaza gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia unga. Zimeingia. Halafu njugu. Halafu viazi vitamu. Halafu samaki waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti. Kikapu tayari kina kuku, amefungwa miguu, ananiangalia vibaya. Hukatai kitu cha wakwe! Lita arobaini zimejaa hadi shingoni. Lile la sitini na tano lingemeza yote na hema juu.

Nikamwambia mzee, si neno, hema nitalifunga kwa nje na kamba, Wechuli alinionyesha.

"Wacha hiyo," akasema. "Kitu ya kurudi nayo wiki ijayo, unabeba ya nini?"

Nikasema si langu, ni la mtu, lazima lirudi. Akasema huyo mtu aje achukue mwenyewe, atamchinjia kuku. Akaondoka na fimbo yake, mazungumzo yakaishia hapo.

Nimeahidi mara tatu kwamba litarudi. Wechuli atanikata kichwa. Nimetoa njugu, nimezirudisha. Nimetoa viazi, nimevirudisha.

Boda amefika. Anapiga honi. Nimekwenda kulikunja hema, nifunge kwa nje, liwalo na liwe — na nimekuta zipu imefungwa kwa ndani. Debra ameingia na Oduor. Viatu vyake viko mlangoni, vimepangwa vizuri, na hakuna anayelia.

Honi tena.