Chupa Kando ya Jiko

Kalemie, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Mutoto wangu Viviane,

Jambo mingi. Uko na afya? Bwana yako, watoto, wote wazima? Mimi niko, tena nakula vizuri kuliko mbele. Mwenye kuandika ni Papa Urbain, jirani yetu, yule alifanya miaka makumi tatu ndani ya biro ya gari la moshi. Simu inanililia ndani ya masikio sawa nzige, sisikie neno, ni heri karatasi. Ataipiga foto akutumie siku akipata mega za internet. Anasema niseme polepole. Mimi sina polepole.

Sasa, walinipasua juma ile ingine, siku ya tatu. Mbele ya kulala nilimuuliza munganga Landry wa hospitali: "Utakata titi na nini?" Akacheka. Nikamuambia: "Usicheke, mimi nimepasua samaki ya migebuka huku ziwani kuliko wewe umepasua watu. Onyesha mikono." Akaonyesha. Mikono mizuri, kucha fupi. Nikalala.

Kuamuka, kifua kilikuwa sawa ukuta fasi waliondoa kabati: unaona tu kulikuwa kitu. Kidonda hakiumi sana. Chenye kinanisumbua ni titi lenye haliko. Linawasha! Nalikwaruza, mukono unakuta bandeji. Uliza waganga wa huko Lubumbashi jambo hilo linatoka wapi, juu hapa wananiambia tu "pole Mama".

Siku ya kutoka, munganga alinipa chupa ya mudomo mupana, imefungwa na plasta, ndani maji yenye kuchoma macho, na kile kitu. Alisema maneno mengi. Dawa ya usingizi ilikuwa ingali kichwani, nikaitikia tu. Nilichungulia: sawa bonge la unga wa bukari lenye halikuiva. Hicho njo kilitaka kuniua? Hata meno hakina.

Basi mimi na wifi yangu Micheline tulichimba kando ya jiko, fasi tulizika kitovu yako na za dada zako, tukakizika na chupa yake. Si hata kwenye maternité ilikuwa vile? Unazaa, wanakufungia kitu chako, unaenda kuzika kwenu, mulozi asikiokote. Nikasema, loo, munganga kijana namna ile na anajua desturi!

Usinifikirie sana.

Mama yako

*

Lubumbashi, tarehe 21 mwezi wa tatu 2024

Mama mupenzi,

Jambo Mama. Sisi wote wazima, watoto wanakusalimia. Barua yako imefika jana tu, na niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mulango wa labo. Ilikuwa mara yangu ya tatu kwenda kule kuuliza kama chupa yako imefika.

Mama, ile chupa haikuwa ya kuzika. Munganga Landry alinipigia simu, anasema alikupa juu uikabizi muntu mwenye kupanda ndege, ailete huku labo. Huku wanakata kipande chembamba, wanakitazama na mashini, wanajua kama ni kansere na ni ya aina gani. Dawa inafuata aina. Bila majibu, munganga atabahatisha tu, na kama mbegu ilibaki mwilini, itakua tena.

Nilipigia Papa Urbain simu aifukue. Anasema kiwanja ni chako, neno ni lako, niandike. Dada wa labo anasema kama chupa haikufunguka na maji yake yangali, bado inafaa, lakini tusikawie.

Najua ni neno nzito. Ifukueni, Mama.

Mutoto wako,
Viviane

*

Kalemie, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Viviane mutoto wangu,

Jambo. Tuko wazima, mvua inatupiga kila siku, barabara ya soko imekuwa muto. Papa Urbain alinisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimuomba aruke fasi ya mbegu, akakataa, anasema barua si samaki, huwezi kuondoa miiba.

Micheline alikasirika. "Bertille, kitu chenye kimezikwa, ukikitoa kinakuja kuuliza fasi yake!" Nikamujibu: "Kije. Fasi yake si hii hapa kifuani? Iko wazi, hakuna muntu amehamia."

Lakini niliogopa, sikufichi. Siku tano sikugusa ule udongo. Si kufa kulinitisha. Niliogopa kutoa kitovu yako kwa bahati mbaya. Muntu mwenye kitovu yake iko inje anatangatanga, na wewe tayari uko mbali.

Jambo moja njo lilinishinda: kutaka kujua. Kile kitu kilikaa kwangu, pengine mwaka, pengine miaka kumi, kilikula chakula yangu, kililala kitanda yangu, na hakikunitajia jina hata siku moja. Mimi nife bila kujua ni nani?

Nimefukua leo asubui. Na kijiko, polepole, mimi mwenyewe, mukono wa kuume. Micheline alinipa mugongo anaimba wimbo ya kanisa. Papa Urbain ameshika mwavuli, hapa anasema niandikishe kwamba alilowana yeye peke yake. Chupa ni nzima, plasta nzima, maji yake yako. Kitovu yako sikuiona, iko chini, ilale.

Mamie, yule muuza vitenge, atapanda ndege kesho. Sikumudanganya, nilimuambia ni nini. Akasema: "Mama, funga ndani ya shashi tano za plastiki." Nimefunga sita.

Sasa wewe unijibu. Mwenye kutazama ni mwanaume ao mwanamuke? Anasali mbele ya kutazama? Na akimaliza, watanirudishia kitu changu?

Mama yako

*

Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Mama mupenzi,

Jambo. Natumaini kidonda kimekauka. Mamie alifika vizuri, chupa ikafaa, na juzi walinipa majibu.

Ni kansere, Mama. Nakuambia wazi juu wewe uliomba jina. Ni ile aina yenye inakula homoni, ile nguvu ya mwanamuke yenye inatembea ndani ya damu. Kuna dawa yenye inainyima chakula. Ni kidonge kimoja kila siku, miaka tano. Munganga Landry amekwisha kupata karatasi, anakungojea.

Mwenye kutazama ni mwanamuke, Mama Elodie, anavaa miwani minene. Sikumuuliza kama anasali. Hawarudishi: kipande chako kinakaa ndani ya kitu sawa mushumaa, siku ingine wakitaka watatazama tena. Na kuwasha kule, anasema mishipa haijapata habari bado kama titi limeondoka.

Nimelia kidogo. Niambie unawaza nini.

Mutoto wako,
Viviane

*

Kalemie, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Mutoto wangu,

Jambo. Pangusa macho. Kumbe mimi niko Lubumbashi ndani ya mushumaa, na sijapanda ndege hata siku moja! Musalimie huyo Mama Elodie. Umuulize tu kama anasali, si vibaya.

Nilienda kwa munganga Landry. Nikamuuliza: "Ni kweli miaka tano?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi niko na makumi saba na mbili."

Hakuinua hata uso, alikuwa anaandika tu. Akasema: "Basi utamaliza na makumi saba na saba."

Viviane, tangu walinipasua watu wote wanasema na mimi sawa muntu yuko na kilio. Huyu peke yake alifanya hesabu ya miaka na akaniweka ndani yake. Nilitoka mule nikapita moja kwa moja sokoni, nikanunua sahani mupya.

Papa Urbain anasema yeye iko na makumi nane, nitafute mwandikaji mwingine mbele ya miaka tano. Nikamuambia aombe kidonge na yeye.

Na wewe, ukioga, jipapase, huku na huku, hata kwapani. Ukikuta kitu, uende siku ileile. Mimi nilificha yangu mwaka muzima juu ya haya.

Kidonge cha kwanza nimemeza leo asubui. Ni cheupe, hakina ladha. Nilikaa kwenye kiti, nikazuia Micheline asifagie, nikasikiliza mule ndani kama kuna kitu kinalia njaa. Kimya. Kesho nitasikiliza tena.

Mama yako