Turubai la Shimo la Saileji

Ijumaa, 5 Aprili 2024
Baba amefariki. Mdogo wangu Odilo kapiga simu nikiwa kazini, nyumba ya wazee hapa Woluwe, namlisha bibi mmoja supu. Sikulia. Nilimaliza kumlisha, nikamfuta mdomo, ndipo nikaenda chooni. Nimelia mpaka pumzi ikakatika.
Siwezi kwenda Njombe. Kadi yangu ya ukaazi imeisha, mpya bado haijatoka komini, ofisi ya mji. Nikitoka Ubelgiji sirudi. Baba yangu jamani!

Jumapili, 7 Aprili
Wamezika. Nimeangalia kwenye simu, Maman Antoinette, Mkongo wa ghorofa ya chini, kanishika mkono. "Lia tu, mutoto yangu. Bon, tuko pamoja."
Kule mvua inamwagika. Watu wamejaa uani, juu yao turubai kubwa la bluu. Nikalitambua — kwenye kona lina kiraka cha gunia, baba alishona mwenyewe. Ndilo lililofunika shimo la saileji! Mwezi uliopita tu wamekatakata mahindi mabichi, wakajaza shimo, wakafunika. Chakula cha ng'ombe cha kiangazi chote. Hewa na maji vikiingia, inaoza yote.
Nikasema lirudishwe shimoni. Ndiyo, nikasema, jeneza likiwa pale pale. Baba mdogo akachukua simu: wewe uko Ulaya, unatupangia msiba? Baba yako anyeshewe, majani ya ng'ombe yakae pakavu? Mama yako mwenyewe ndiye kataka lifungwe hapa! Akakata.
Sikuona wakimshusha kaburini.

Jumatano, 10 Aprili
Wameanua matanga. Odilo anasema turubai limerudishwa shimoni, wameweka na mawe juu. Siku zote hizo mvua haikukatika. Nimwambie nini? Nimesema asante.

Alhamisi, 11 Julai
Majani yamekauka nyumbani. Wamefungua shimo. Odilo kanionyesha kwa video: juu nyeusi tii, chini ukungu mweupe, kachimba mpaka kwapani, ukungu tu. Saileji nzuri hunukia uchachu mtamu, kama togwa. "Hii inanuka choo, dada."
Nimemwambia itupwe yote. Asiwape ng'ombe hata kiganja kimoja, inaua!

Jumamosi, 13 Julai
Ng'ombe mmoja kafa, nami sikujua. Yule mwenye mimba, kati ya watatu wetu. Kumbe mama aliwapa! Odilo akishika koleo atupe, mama anamnyang'anya. Wamebaki wawili, na leo asubuhi kawapelekea tena ndoo.
Nikasema nipe mama. Nikaanza kwa ukali — mama, hao ndio maziwa yako, ndio shamba lako, unawaua kwa mkono wako mwenyewe! Akasema, polepole, kwamba baba aliishindilia saileji ile kwa miguu yake, peku, kutwa nzima, na tumbo lilikuwa limeshaanza kumuuma. Akimwambia apumzike, hataki. "Nachagua palipo pazuri tu, mwanangu. Kazi yake ya mwisho, nikaimwage jalalani?"
Ee Mungu wangu. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi.
Simu haijakatwa. Mama kaiweka chini, naona mbingu tu. Namsikia anachambua, anatenga, anachambua. Odilo kauliza mara ya pili: dada, nitupe, nisitupe?
Mama kaacha kuchambua. Anangoja nijibu —